Mfongo si bahari: kuhusu kumwaga majivu ya marehemu kwenye maji

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa wageni unapoanza, madereva na waongoza watalii wa Moshi na Arusha huulizwa swali ambalo halimo kwenye ratiba ya safari. Mgeni ameshashusha mizigo, ameshakunywa chai, ndipo anasema kwa sauti ya chini kwamba ndani ya begi lake la mgongoni mna majivu ya baba yake, na mzee aliacha wosia amwagwe kwenye maji yatokayo Kilimanjaro. Swali hilo huulizwa pia na familia za hapa hapa zilizooana na wageni, na na vijana wa Kihindu na Kisingasinga ambao ibada yao wanaijua lakini hawajui mto upi unakwenda wapi. Majibu ya vijiweni ni mawili. La kwanza: "Haiwezekani, hilo ni kosa." La pili: "Twende tu pale darajani, nani atatuona?" Yote mawili hayafai, na tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tueleze kwa nini.

Tuseme mapema tunachokiamini. Majivu ya mtu mmoja hayauharibu mto. Kinachouharibu ni vitu vinavyoandamana nayo, na kinacholeta ugomvi ni mahali yalipomwagwa.

Majivu yenyewe kwanza, maana wengi hawajapata kuyaona. Tanuru la kuchomea maiti hufikia nyuzi joto kati ya 760 na 980, na kwa mtu mzima kazi huchukua saa moja na nusu hadi mbili, wakati mwingine zaidi. Nyama haiachi kitu. Kinachobaki ni madini ya mifupa, hasa fosfati ya kalisi, na chumvichumvi kidogo. Yakishapoa, misumari ya jeneza na skrubu za mifupa iliyoungwa hospitalini huondolewa kwa sumaku na kwa mkono, halafu mifupa husagwa kwa mashine. Ukiyashika utaona ni kama mchanga mkavu wa rangi ya kijivu hafifu, wala hayafanani na majivu ya jikoni. Mtu mzima huacha kilo 2 hadi 3, ujazo wa karibu lita 3, kwa hiyo ndoo ndogo ya lita 5 haijai. Hakuna kijidudu cha ugonjwa kinachosalimika kwenye moto wa namna hiyo, na ile hofu ya "kunywa ugonjwa wa marehemu" haina msingi. Ila yana ukali wa magadi. Mto unaokwenda kasi huuzimua ukali huo mara moja, kidimbwi hakiwezi. Ndiyo sababu pia ukiyafukia yote kwenye shina la mche mmoja, mche hunyauka.

Maiti iliyochomwa kwa kuni ni habari nyingine, na hapa ndipo makosa mengi huanzia. Mtu mzima huhitaji kuni kilo 400 na kuendelea. Kilo 400 za kuni zikiungua vizuri huacha majivu yake zenyewe kilo 4 hadi 8, kutegemea aina ya mti na maganda yake. Kwa hiyo anayezoa kila kitu kwa beleshi anapeleka mtoni mfuko mzito ambao marehemu ni sehemu yake ndogo. Mila yenyewe imeshatoa njia: baada ya moto kupoa, kwa kawaida siku ya pili au ya tatu, mifupa huokotwa kwa mkono na kuwekwa peke yake. Majivu ya kuni yabaki pale pale, yafukiwe kwenye shimo mbali na maji. Na moto upoe kweli. Makaa yaliyofunikwa na majivu hukaa na joto hadi kesho yake. Yamewaunguza vidole wengi na kutoboa ndoo za plastiki zisizo na hesabu. Okoteni kwa sinia la chuma, hamishieni kwenye chungu baadaye.

Mifupa hiyo haijasagwa. Vipande vya urefu wa kidole hubaki vizima, na vikitupwa kwenye maji ya goti huzama papo hapo na kutulia chini, vinaonekana. Watoto wanaochota maji watavikuta. Kipande cha fuvu kikikutwa mtoni huwa kesi ya polisi kabla hakijawa msiba wa mtu. Dawa ni mbili. Ama vitwangwe kwenye kinu kipya ambacho hakitarudi jikoni, mpaka viwe kama punje za mchele; ama vishonewe kwenye kitambaa cha marekani pamoja na mawe mawili matatu, vikashushwe kwenye maji ya kina kirefu. Wapo wazee wasiokubali mifupa kutwangwa. Kwao mto wa mlimani haufai kabisa, waende baharini.

Sasa mahali, ambalo ndilo jambo kubwa.

Huku kwetu mlimani hakuna mto wa porini. Maji yakitoka tu msituni yanakutana na mfongo, ule mfereji uliochimbwa na wazee wa Kichagga kuyaleta vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba ya ukoo, na mfongo mmoja huzaa mingine. Yananywesha migomba, yananywesha ng'ombe, na ziko kaya ambazo bado zinayapikia. Majivu yaliyomwagwa Uru au Marangu saa mbili asubuhi yanaweza kuwa kwenye ndoo ya mtu kabla ya saa tatu. Maporomoko ya Materuni na Kinukamori yanapendeza kwenye picha, ndiyo maana wageni huyataja kwanza, lakini chini yake wapo watu na mifereji yao. Chemchemi ya Chemka ndiyo kabisa: pale watu wanaogelea.

Upande wa Arusha hali ni ile ile kwa sura nyingine. Mito ya Themi, Naura na Kijenge hupita katikati ya nyumba, na chini ya mji maji yake humwagilia bustani za mboga zinazorudi sokoni. Kiangazi mito hiyo hupungua kiasi kwamba majivu hayaendi popote, hulala kwenye kidimbwi kati ya mawe yakawa tope jeupe. Masika nayo, kuanzia Machi hadi Mei, maji huja mekundu kwa nguvu na kingo humomonyoka. Si wakati wa kusimamisha wafiwa ukingoni. Kwa anayeng'ang'ania mto, Juni na Julai ndiyo miezi yenye nafuu, maji bado yapo na yametulia.

Ukifuata mkondo utaona kwamba yote hukutana. Maji ya Arusha huingia Kikuletwa. Karanga na Weruweru za Moshi nazo huingia Kikuletwa, zikiwa zimepita karibu na mashamba ya miwa ya TPC. Rau hushukia kwenye mpunga wa Lower Moshi. Kikuletwa na Ruvu, ule unaotoka Ziwa Jipe, huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Mto Pangani huteremka hadi bahari ya Hindi. Hili ndilo tunalowaambia familia kila mara: mzee aliyesema "maji ya Kilimanjaro" hakusema lazima yawe ya juu. Maji ya upande wetu wa Kilimanjaro na wa Meru yanaishia Pangani mjini. Kuyafuata mpaka huko ni kutimiza wosia, tena bila kumwekea jirani majivu kwenye ndoo.

Mamlaka ya mazingira ya Uingereza huwashauri watu wake wasimwage majivu mtoni ikiwa ndani ya kilomita 1 kuelekea chini yapo maji yanayotekwa kwa matumizi ya watu. Kipimo hicho ni kizuri, lakini juu ya barabara kuu ya Arusha–Moshi ni vigumu kupata kilomita 1 isiyo na mfongo. Chini ya barabara ipo mifereji ya umwagiliaji. Kwa hiyo msipime kwa macho wala kwa ramani ya simu. Muulizeni kiongozi wa jumuiya ya watumia maji ya eneo hilo, au yule anayegawa zamu za mfereji. Yeye anajua maji yanachotwa wapi na siku gani mfereji umefungwa, mambo ambayo hayamo kwenye ramani yoyote.

Maziwa madogo tunayakwepa. Duluti pale Tengeru ni kreta, hakuna mto unaoingia wala unaotoka, hivyo unachokitia humo kinabaki humo. Tena ziwa limo ndani ya msitu wa hifadhi na wenyewe ni Wakala wa Huduma za Misitu. Kiganja kimoja hakitaua samaki, lakini mahali pakishajulikana viganja huwa mia. Chala ni refu kwenda chini, karibu mita 90, ila kuta zake ni mteremko mkali wa kumshusha mama mzee mwenye simanzi, na mpaka wa Kenya unapita humo humo. Jipe ina matete, viboko na mamba. Nyumba ya Mungu ndiyo tunayoiona bora katika maji ya bara: ni pana, maji yanakwenda, na boti za wavuvi zipo. Mkapige hodi kwa uongozi wa kijiji na kikundi cha wavuvi cha ulinzi wa rasilimali, muulize nyavu zimetegwa wapi, mtoke alfajiri kabla upepo haujaamka.

Kuhusu mlimani juu, mgeni akisema anataka kuyamwaga njiani akipanda, mwambieni mapema kwamba ardhi ile ni ya Hifadhi ya Taifa na ruhusa ni ya hifadhi, si ya kiongozi wa msafara. Kuna sababu nyingine ambayo wapagazi wanaijua kuliko mtu yeyote. Kwa wanaopitia njia ya Machame, bonde la Karanga ndipo mahali pa mwisho pa kuteka maji kabla ya kambi ya Barafu. Kila chai inayonywewa Barafu imebebwa mgongoni kutoka kwenye kijito kile. Hapo pa kumwaga majivu pametoka wapi?

Sheria. Wenye kauli juu ya maji ya mito yetu ni Bodi ya Maji Bonde la Pangani, na ofisi yake kuu iko hapa Moshi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inakataza kuchafua chanzo cha maji, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu na zile zinazoweza kudhuru ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari. Soma hapo kwa makini. Familia nyingi huhofia majivu, kumbe kinachowatia hatiani ni kile kijimnara cha saruji chenye jina la marehemu wanachotaka kukijenga ukingoni ili "wapate pa kuzuru". Anayetaka pa kuzuru apande mti au masale kwenye ardhi yake mwenyewe. Mpango wenyewe unahitaji barua ya ukurasa mmoja kwa bodi, nakala kwa mtendaji wa kijiji au mtaa: nani amefariki, majivu kiasi gani, yatamwagwa wapi, siku na saa gani, watu wangapi, na kwamba hakuna kitu kingine kitakachoingia majini. Pelekeni wiki mbili kabla, msubiri jibu la maandishi. Barua hiyo mkononi huwa na kazi kubwa siku kijana wa kijijini atakapokuja mbio kuuliza mnatupa nini.

Wageni kutoka Marekani huja na sheria ya kwao kichwani, inayotaka majivu ya baharini yamwagwe si chini ya maili 3 za baharini kutoka nchi kavu na taarifa itolewe ndani ya siku 30. Hiyo ni ya kwao. Hata hivyo umbali huo ni mzuri kuufuata Pangani, kwa sababu za mawimbi zaidi kuliko za karatasi.

Kutoka Moshi hadi pwani ya Tanga ni kama kilomita 350, kutoka Arusha ongeza 80. Msitegemee kwenda na kurudi siku moja. Laleni huko. Ongeeni na nahodha jioni, si asubuhi boti ikiwa imeshawashwa, na mwambieni wazi mnabeba nini. Manahodha wengi wa pwani ni Waislamu, na kwao kuchoma maiti ni haramu; wapo watakaokubali kama kazi ya kawaida na wapo watakaoomba msamaha. Atakayekataa asibembelezwe kwa pesa. Hakikisheni boti ina leseni na kila mtu ana jaketi okozi. Kusini mwa Tanga ipo hifadhi ya bahari ya Silikanti, na mbele ya Pangani pana kisiwa cha Maziwe ambacho nacho ni eneo tengefu. Hayo yapisheni au mwombe ruhusa ya wenyewe.

Saa ya kutoka hupangwa na maji. Tokeni yakiwa yamejaa, wakati mkondo umesimama, mmwage yanapoanza kupwa ili yachukuliwe kwenda nje. Kinyume chake majivu na maua yote yatarudi ufukweni mbele ya hoteli. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yakipwa kwa kasi mdomoni mwa mto hupambana na mawimbi na kuufanya mlango kuwa mbaya; chagueni siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Kusi, upepo wa kutoka kusini, hupiga sana Juni hadi Agosti. Kipindi cha maleleji, kati ya kusi na kaskazi, bahari huwa tulivu zaidi, na hata nje ya kipindi hicho asubuhi mapema ina nafuu kuliko mchana.

Kumwaga kwenyewe hukosewa kwa njia moja ambayo kila mtu ameiona kwenye filamu: mtu anasimama, anainua chombo juu, anarusha. Ndani ya majivu yaliyosagwa mna punje nzito na mna vumbi. Punje huzama, vumbi hupaa na kurudi usoni, machoni, kwenye nguo za mama mfiwa. Wengine hupata mshtuko ambao hautoki haraka. Utaratibu ni huu. Mmoja anyanyue uzi au jani kujua upepo unatoka wapi, wote wakae upande unakotoka. Anayemwaga apige magoti, ashushe chombo mpaka kiguse maji au kibaki kiganja kimoja tu, akiinamishe polepole, akiache maji yaingie na kuyachukua. Lita 3 zichukue dakika mbili au tatu, si sekunde tano. Mikono iwe mikavu. Mkono wenye maji hushikwa na majivu, mtu akabaki anajipangusa kwenye suruali, jambo linalowaumiza wengine kulitazama. Bakuli la maji safi na kitambaa viwepo kwa kunawa, na maji ya kunawia yamwagwe pale pale.

Zipo familia zinazopenda kuyaosha majivu kwa maziwa au maji ya baraka usiku uliotangulia. Msifanye hivyo usiku. Majivu ya mifupa yakilowa kisha yakaachwa hushikana yakawa bonge kama saruji, na asubuhi mtakuta mnakigonga chombo kwa jiwe mbele ya shangazi. Yaosheni pale pale kwenye maji, yakiwa kama uji mwepesi, mmimine. Kwa kweli hii ndiyo njia bora siku ya upepo.

Kwenye boti, hatari kubwa si mamba. Ni watu kumi kuinuka wote upande mmoja kumwona baba kwa mara ya mwisho. Mtumbwi hupinduka hivyo. Nahodha agawe watu sawa kushoto na kulia, akae mmwagaji na mmoja wa kumshika, wengine wabaki walipo na wapeane zamu ya kiganja kimoja kimoja. Injini izimwe, zaidi ya heshima, panga linalozunguka huyavuta majivu na maua nyuma ya boti.

Anayetaka kitu cha kuelea atumie jani la mgomba. Libabueni motoni kwanza ili lisipasuke, likunjwe kama mashua, lifungwe kwa ukambaa wa mgomba huo huo. Linabeba nusu kilo vizuri. Zaidi ya hapo hulala ubavu. Vipo pia vyombo vya kununua vya karatasi au chumvi ambavyo huyeyuka majini. Vya karatasi huelea dakika chache kisha huzama. Tatizo lake tunalijua: familia hukiweka chombo majini pamoja na mfuko wa plastiki ulioko ndani, karatasi inayeyuka, mfuko unabaki na marehemu wake unaelekea kwenye nyavu. Kabla ya kutoka nyumbani, fungueni mtazame ndani.

Vitu vinavyoandamana sasa. Maua ni sawa, lakini petali tupu, kiganja kwa kila mtu. Taji la maua lina waya, lina uzi wa nailoni, lina povu jeupe la kuchomekea. Hivyo vyote havizami wala haviozi. Sarafu, picha iliyowekewa plastiki, vishikizo vya ubani, taa za bati: hapana. Mfuko wa plastiki wa kubebea ulishapigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na si mtoni utakakoanza kuruhusiwa. Kinachowashangaza watu ni maziwa. Maziwa yakioza majini huwanyang'anya samaki hewa, wakati majivu hayana cha kuoza. Lita moja ya maziwa kwenye kijito cha kiangazi ina madhara kuliko marehemu mzima. Kijiko kimoja kwa ajili ya ibada kinatosha. Samli vivyo hivyo. Huelea na kutandaza mafuta juu.

Tumeacha chungu makusudi hadi hapa. Chungu kilichofungwa kitambaa chekundu kikielea hadi kijijini, hakuna atakayefikiri habari ya mazishi. Watasema ni uganga, tena uganga mbaya, na aliyeonekana mgeni siku ile ndiye atakayetafutwa. Mkutano utaitishwa, na mnyonge mmoja, mara nyingi bibi kizee, ataanza kunyooshewa vidole kwa jambo asilolijua. Hatusemi kwa mzaha. Kama ibada inataka kitambaa, kiwe cheupe, na chungu na kitambaa vyote virudi na mliokuja navyo.

Imani za watu zitangulie mipango. Kuchoma maiti si jambo la Wahindu peke yao katika ukanda huu: Profesa Wangari Maathai alichomwa mwaka 2011 na mwanasiasa Kenneth Matiba mwaka 2018, wote Nairobi, na sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilimwagwa kwenye Nile pale Jinja mwaka 1948. Lakini Mkatoliki ajue kwamba Kanisa lake, lililoruhusu kuchoma tangu 1963, lilitamka mwaka 2016 kwamba majivu yasimwagwe hewani, ardhini wala majini, wala yasigawanywe nyumba kwa nyumba. Yahifadhiwe mahali patakatifu. Anayepanga misa saa nne na mtumbwi saa nane atakwama kwa paroko. Mwoneni kwanza. Familia za Kichagga zenye mvutano, huyu anataka kihamba na yule anataka mto, zisikimbilie kumwaga. Majivu hayaozi. Yakikaa pakavu, ndani ya chombo kilichofungwa na kuandikwa jina, yanaweza kusubiri kikao cha ukoo mwaka mzima, lakini yakishamwagwa hayazoleki.

Karatasi ni chache: kibali cha mazishi, hati ya pale alipochomwa, na cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, ambacho taarifa yake hutolewa ndani ya siku 30. Anayepitia uwanja wa KIA abebe majivu mkononi, asiyatie kwenye begi la chini ya ndege, na chombo kiwe cha mbao au karatasi ngumu. Cha chuma hakipenyezi miali ya mashine ya ukaguzi, na afisa asiyeona ndani ana haki ya kukikataa. Nakala za vyeti zikae kwenye begi lile lile, zikiwa na tafsiri.

Mkirudi, chungu kisichohitajika kivunjwe na kufukiwa nyumbani, kipande kwa kipande, mbali na kisima. Kitambaa kifuliwe au kichomwe. Na kwenye boti mwachieni nahodha maji ya kuoshea sakafu, maana punje hubaki kwenye mianya ya mbao, na kesho yake boti hiyo hiyo itabeba samaki.

Wahudumu wa misiba na usafiri,
Moshi